Hewa nzito itambeba joka, lakini moto wake itauzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie hadithi ya mfululizo inayotoka katika toleo lenu la Jumamosi, ile ya ufalme wa majoka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Hadithi hiyo nilianza kuisoma kwa ajili ya mjukuu wangu aliye darasa la sita, lakini siku hizi gazeti likifika nyumbani ni mimi ninayelifungua kwanza. Kilichoninasa si vita wala mapenzi ya binti mfalme, bali ni maelezo mafupi yaliyomo katika sehemu ya pili, ambapo mwandishi, badala ya kutuambia kwamba majoka wake wanaruka kwa uchawi na kuishia hapo, alisema wanaruka kwa kuwa hewa ya nchi ile ni nzito mara tano kuliko hii tunayoivuta sisi. Nampongeza kwa hilo kwa dhati. Hata hivyo, mtu akishafungua mlango wa fizikia hawezi kumkataza mwalimu mstaafu kuingia, nami nimeingia, nimepiga hesabu, na nimetoka na jambo ambalo sidhani mwandishi alilitazamia: hewa ileile inayowanyanyua majoka wake ndiyo inayowazimia moto.

Nianze na alipopatia. Kiumbe anayeruka hubebwa na hewa anayoisukuma chini, na nguvu ya kumnyanyua huongezeka kadiri hewa inavyokuwa nzito, mabawa yanavyokuwa mapana na mwendo unavyokuwa mkali, tena mwendo una uzito wa pekee, kwa maana ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Adui mkubwa wa mnyama mnene ni hesabu ambayo msingi wake Galileo aliueleza mwaka 1638: mkuze mnyama mara mbili kwa urefu, upana na kimo, na eneo la mabawa yake litakuwa mara nne, lakini uzito wake utakuwa mara nane. Ndiyo maana tandawala mkubwa wa nyanda za Serengeti, ambaye dume lake linaweza kuzidi kilo 15, yumo miongoni mwa ndege wazito kabisa wanaoruka duniani leo, na yeyote aliyewahi kumwona akiondoka atakuwa ameona jinsi anavyolazimika kukimbia kwanza, huku akipiga mabawa kama mtu anayejutia safari aliyoianza. Zamani sana, kabla ya kutoweka kwa dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, aliishi mtambaazi arukaye aitwaye Quetzalcoatlus, mwenye mabawa ya kama mita 10 kutoka ncha hadi ncha, ambaye wataalamu wengi humkadiria kilo 200 hadi 250. Kwa hewa ya namna yetu, maumbile hayakufika mbali zaidi ya hapo.

Joka wa hadithi yetu hakutajiwa uzito, ila anabeba askari wanne na mgongo wake unafananishwa na wa ndovu, kwa hiyo nilimpa tani 5 na mabawa yenye eneo la mita za mraba 60, nikaona sijampendelea wala kumwonea. Katika hewa yetu, joka huyo angehitaji mwendo wa takriban kilomita 120 kwa saa ili asianguke, na misuli yake ingepaswa kutoa nguvu za farasi kama 220 bila kupumzika. Hata akiwa na tani nzima ya misuli ya kurukia, na misuli hiyo iwe na ubora uleule wa misuli ya wanyama tunaowajua, angeambulia nguvu za farasi 130 hivi. Hivyo kwetu haruki. Sasa mhamishie katika hewa iliyo nzito mara tano: mwendo unashuka hadi kilomita 54 kwa saa, na nguvu inayohitajika inashuka hadi farasi 100. Ameruka, na akiba amebakiwa nayo ya kuwabeba wale askari. Nilipofika hapo nilimwita mjukuu wangu nikamwonyesha karatasi, akasema kwamba yeye alikuwa anajua tangu mwanzo.

Taabu inaanza tunapowashusha askari wale kutoka mgongoni mwa joka na kuwauliza wanapumua nini. Kama joto la nchi ile ni sawa na la kwetu, hewa iliyo nzito mara tano ina kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, mara tano, kwa hiyo wenyeji wake wanaishi maisha yao yote chini ya kanieneo ambayo mzamiaji huipata akiwa mita 40 chini ya bahari. Tuseme mchanganyiko wa gesi umebaki kama wetu, sehemu 21 katika kila 100 zikiwa oksijeni na 78 naitrojeni. Basi kiasi cha oksijeni kinachoingia mapafuni kwa kila pumzi ni sawa na kile ambacho mtu wa kwetu angekipata kwa kuvuta oksijeni tupu, usiku na mchana, tangu azaliwe. Oksijeni ikizidi hugeuka sumu. Paul Bert wa Ufaransa alionyesha mwaka 1878 jinsi wingi wake unavyoleta degedege kwa wanyama kanieneo inapopanda sana, naye James Lorrain Smith akaonyesha mwaka 1899 kwamba hata kiwango cha chini ya hapo, kikivutwa kwa muda mrefu, huharibu mapafu. Binadamu anayevuta oksijeni tupu katika kanieneo ya kawaida huanza kusikia kifua kinawasha na kukohoa kabla ya siku kupita, na akiendelea siku kadhaa mapafu huvimba na kujaa majimaji. Ufalme huo ungekwisha wiki ya kwanza, bila joka hata mmoja kuinua bawa.

Kuna na naitrojeni, ambayo hapa kwetu tunaivuta na kuitoa bila kuitambua. Wazamiaji wanajua kwamba kuanzia mita 30 hivi kwenda chini, naitrojeni iliyobanwa huanza kumlevya mtu: anacheka ovyo, anasahau alichotumwa, anaona kila wazo lake ni la busara. Huenda watu waliozaliwa katika hewa hiyo wangeizoea kwa kiasi fulani. Hata hivyo nilipousoma tena uamuzi wa mfalme wa kugawa jeshi lake mafungu matatu usiku wa mvua, nilimwelewa zaidi kuliko mara ya kwanza.

Njia ya kuwaokoa wenyeji ipo, na ni rahisi kuitaja: punguza sehemu ya oksijeni hadi mtu apate kiasi kilekile anachokipata hapa kwetu. Hewa ikiwa mara tano, oksijeni inapaswa kuwa sehemu 4 tu na kidogo katika kila 100, na zilizobaki karibu zote ziwe naitrojeni. Mapafu hayatalalamika hata kidogo, kwa sababu mapafu na damu hujali ni kiasi gani cha oksijeni kinachogonga mlango, wala hayaulizi imefuatana na nani. Moto ndio unaouliza. Hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa kuwa ndipo penye kiini cha barua yangu.

Mwali wa moto huishi kwa kujipasha wenyewe: joto la kilichokwisha kuungua ndilo linalowasha kinachofuata. Kila chembe ya oksijeni inayoungana na mafuta au kuni huleta joto, lakini chembe za naitrojeni zilizoizunguka hazichangii chochote, nazo hupashwa joto pamoja na wengine. Wanaofahamu kamati za harusi za kwetu watanielewa upesi. Wachangiaji wakiwa 21 na walaji 79, shughuli inafanyika, ingawa kwa kubana. Wachangiaji wakiwa 4 na walaji 96, hakuna shughuli, hata kama ukumbi umeupanua mara tano na hesabu ya wachangiaji kwa jumla imebaki ileile. Kwa hiyo mtu huangalia kiasi, na moto huangalia uwiano, na katika hewa nzito mambo hayo mawili yanaachana njia.

Ushahidi wa kuachana huko tunao hapa hapa nyumbani Moshi. Juu ya Kilimanjaro, penye mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, lakini uwiano haukubadilika, oksijeni bado ni 21 katika 100. Nilipowapeleka wanafunzi hadi kambi ya Kibo miaka ile, mpishi wetu aliwasha jiko la gesi kwa njiti moja tu ya kiberiti, na mwali ukasimama vizuri, huku yeye mwenyewe akihema na kushika kiuno baada ya kuinua sufuria. Mtu alikuwa amepungukiwa, moto haukupungukiwa sana. Wazamiaji wa kazi za mafuta baharini, wale wanaokaa siku nyingi ndani ya vyumba vya kanieneo kubwa, wao wapo upande wa pili: humo oksijeni huwekwa sehemu chache tu katika 100, wanalala, wanakula na kufanya kazi bila shida ya pumzi, na uwiano huo ukiwa chini ya 6 hivi, kiberiti hakiwaki kabisa.

Mjukuu wangu hakuridhika na habari za wazamiaji, ikabidi tufanye jaribio jikoni. Tuligandisha kipande cha mshumaa juu ya sahani kwa nta yake, tukamweka kando yake mende mmoja aliyekamatwa nyuma ya friji, kisha tukafunika vyote viwili kwa chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari na kuziba ukingo wake kwa unga uliokandwa. Mwali ulisimama, ukapungua, ukawa wa buluu kwenye shina, ukainuka kidogo kwenye utambi kama unaotafuta njia, ukazimika. Uzi wa moshi ulipanda ukajikunja chini ya kitako cha chupa. Mende alikuwa bado anazunguka sahani, akipima ukingo wa unga kwa papasi zake, wala hakuonyesha kwamba kuna lililotokea. Nakiri mbele ya wasomaji wenu kwamba kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu kwamba mshumaa ule huzimika kwa sababu oksijeni imekwisha. Haijaisha. Mshumaa hukata tamaa oksijeni ikiwa bado sehemu 16 hivi katika 100, hewa ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake akisoma gazeti. Sasa kama mshumaa unashindwa kwa 16, joka wa kwenye 4 atawashaje paa la makuti?

Hasara haiishii kwa joka. Nchi hiyo haina jiko, haina tanuru, haina mhunzi. Katika sehemu ya nne tulisomewa jinsi panga la shujaa lilivyofuliwa usiku kucha, cheche zikiruka, nami niliipenda sana sura hiyo, lakini chuma hakitoki katika mawe yake bila moto mkali wa makaa. Kejeli yake ni kwamba katika kanieneo mara tano maji huchemka kwenye nyuzi 152 za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo maharage ambayo pale Kibo yanakataa kuiva kwa sababu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 86, kule yangeiva upesi kuliko hata ndani ya sufuria ya presha. Wangekuwa na maji bora ya kupikia kuliko watu wote, na hawana cha kuwashia.

Nilijaribu kumtafutia mwandishi njia nyingine za kutokea, kwa kuwa sikutaka kuandika barua ya kubomoa tu. Ya kwanza ni kuacha kanieneo kama yetu na kuifanya hewa iwe nzito kwa gesi yenye chembe nzito. Zenoni ni nzito mara nne na nusu kuliko hewa, lakini ni dawa ya usingizi, madaktari wameitumia kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, na ufalme mzima ungekuwa umelala. Heksafloraidi ya salfa, ambayo hutumika ndani ya swichi kubwa za umeme, ni nzito mara tano na hailevyi kiasi hicho, ila inashika joto la dunia mara zaidi ya 20,000 kuliko kaboni dioksaidi, kilo kwa kilo, na yenyewe ni mla harusi mbaya kuliko naitrojeni. Njia hiyo niliifunga.

Ya pili ni kuiacha hewa na kupunguza mvutano wa dunia yenyewe. Hili lina mfano wa kweli. Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, una mvutano wa kama sehemu moja ya saba ya wetu na hewa iliyo nzito zaidi ya mara nne, na chombo Huygens kilipoushukia tarehe 14 Januari 2005 kilining'inia kwenye miavuli kwa takriban saa mbili na nusu kabla ya kugusa chini. Mtu mwenye mabawa ya kujifunga mikononi angeweza kuruka huko kwa nguvu zake mwenyewe. Lakini Titan umeweza kuishikilia hewa yake kwa sababu una baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Dunia ndogo namna hiyo ukiipasha hadi minazi iote, chembe za hewa zitapata mwendo wa kutosha kuikimbia, kidogo kidogo, hadi ibaki kavu. Tena huko kunanyesha mvua ya methani, gesi ya jamii ya hii tunayopikia, inatiririka mitoni na kujaza maziwa, na hakuna hata cheche moja inayoweza kuiwasha, kwa kuwa oksijeni ya kuungana nayo haipo. Sijui mfano ulio bora zaidi wa hoja yangu.

Rangi ya anga nitaigusa tu. Mwandishi ameipaka zambarau. Hewa ikiwa mara tano, mwanga wa buluu ungetawanywa mno hadi anga lipauke kuelekea weupe, na jua la adhuhuri lingekuwa na rangi ambayo jua letu huwa nayo dakika 45 hivi kabla ya kuzama, ile ya dhahabu inayopendwa na wapiga picha za harusi. Magharibi kungekuwa na giza jekundu na basi. Zambarau siioni, labda kama kuna vumbi la aina yake, na vumbi analo hiari nalo.

Pendekezo langu kwa joka ni hili. Yupo mbawakawa mdogo, anayepatikana pia hapa Afrika, ambaye hubeba tumboni mchanganyiko wa vitu viwili, haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi. Akichokozwa huviingiza katika chumba chenye ukuta mgumu, vimeng'enya vinavichochea, joto linapanda hadi karibu nyuzi 100, naye humfyatulia adui kwa mlio unaosikika. Uzuri wake ni kwamba oksijeni ya shughuli hiyo ameibeba mwenyewe ndani ya peroksaidi, wala haombi kitu kwa hewa ya nje. Joka wa tani 5 mwenye matangi ya namna hiyo hatatoa mwali, lakini katika nchi ambayo maji hayachemki hadi nyuzi 152, angeweza kumwaga kimiminika chenye joto la nyuzi 150 kikiwa bado hakijageuka mvuke, na kumbabua askari ndani ya deraya yake. Kwa kitisho, mimi nisingechagua kati ya hicho na moto. Deraya yenyewe, nakumbusha, itabidi iwe ya ngozi ya kiboko au ya mti.

Najua wapo watakaosema kwamba hadithi ni hadithi, na kwamba Sungura amezungumza katika ngano zetu miaka yote bila mtu kumkagua koo. Ni kweli, na simkagui. Msimulizi wa Sungura hakutuambia kwamba anazungumza kwa sababu ya umbo la ulimi wake. Angetuambia hivyo, tungekuwa na haki ya kuuomba ulimi tuutazame. Mwandishi wenu ametupa hewa, tena kwa kipimo, na nina hakika amefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu katika sehemu ya tano mishale ya askari wake inaanguka karibu mno na upepo mdogo unawayumbisha, mambo ambayo hewa nzito ingeyafanya hasa. Mtu anayefikiri hadi kwenye mishale ataweza kufikiri hadi kwenye moto.

Limebaki swali ambalo si langu. Baada ya kumweleza mjukuu wangu yote haya, alikaa kimya akachukua toleo la zamani, akafungua sehemu ya tatu ambapo kijiji cha wavuvi kinakutwa asubuhi kimekuwa majivu na kila mtu anawalaumu majoka. Akaniuliza, "Sasa babu, kama majoka hawawezi, nani alichoma?" Sikuwa na jibu. Ameniagiza nimwombe mwandishi, kupitia kwako Mhariri, alitoe Jumamosi.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Moshi, Kilimanjaro.